Fremu ya Habari: Namna Vyombo vya Habari Vinavyotuchorea Picha ya Siasa

Tarehe 10 Agosti 2022, siku moja baada ya Wakenya kupiga kura, mtu aliyekaa sebuleni Nairobi na rimoti mkononi aliweza kujichagulia rais kwa kubofya tu. Televisheni moja ilimwonyesha William Ruto akiwa mbele. Akihamia nyingine, Raila Odinga ndiye aliyekuwa mbele. Nyingine tena ilikuwa na asilimia zake, zisizofanana na za wenzake. Zote zilikuwa zinajumlisha Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, ambazo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imeziweka kwenye tovuti yake ili kila mwananchi azione. Chanzo kilikuwa kimoja, fomu zilikuwa zilezile, na hesabu yenyewe ilikuwa ya kujumlisha tu. Bado picha zikatofautiana.

Mpendwa msomaji, tunaanza na kisa hiki kwa sababu hakuna ushahidi kwamba televisheni hizo zilibuni namba. Tumezoea kuligawa suala la vyombo vya habari katika makundi mawili: vinavyosema kweli na vinavyosema uongo. Mgawanyo huo unafaa, lakini hautoshi kueleza kilichotokea Kenya siku ile, na tunadhani hautoshi pia kueleza mengi tunayosoma kila asubuhi kwenye meza za magazeti hapa kwetu Tanzania.

Tuone kwanza jinsi ilivyowezekana. Kenya ilikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Kila chumba cha habari kiliweka vijana wake wa kupakua fomu na kuingiza namba, na kila kimoja kilianza kilipoona panafaa. Kura za Kenya, kama inavyojulikana, huegemea maeneo: Bonde la Ufa na Mlima Kenya vilimpa Ruto kura nyingi, Nyanza na sehemu kubwa ya Pwani vikampa Odinga. Kwa hiyo aliyetangulia kuingiza fomu za Eldoret alimwona Ruto akipaa, na aliyetangulia na za Kisumu alimwona Odinga.

Tutoe mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Nchi ina mikoa miwili, wa Juu na wa Chini, kila mmoja una wapiga kura 100,000. Mkoa wa Juu unampa mgombea wa kwanza kura 80,000 na wa pili 20,000. Mkoa wa Chini unampa wa kwanza 25,000 na wa pili 75,000. Matokeo ya mwisho ni kura 105,000 kwa 95,000, wa kwanza ameshinda. Sasa televisheni moja imeshaingiza nusu ya fomu za Juu na sehemu moja ya kumi ya fomu za Chini: itatangaza kwamba mgombea wa kwanza anaongoza kwa karibu asilimia 71. Jirani yake amefanya kinyume chake, nusu ya Chini na sehemu moja ya kumi ya Juu: atatangaza kwamba wa pili anaongoza kwa karibu asilimia 66. Ukizikagua namba za kila mmoja, zote ni sahihi. Aliyetazama televisheni ya pili tu atalala akijua mtu wake ameshinda, na akiamka kusikia ameshindwa, nani atamshawishi kwamba hakuibiwa?

Hapo ndipo penye hatari. Watu walipiga picha skrini iliyowafurahisha na kuisambaza kwa WhatsApp, wala si ile iliyowahuzunisha. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaonyesha wasiwasi. Televisheni zikapunguza kasi, na hatimaye zikaacha kujumlisha kabla kazi haijaisha. Wananchi wakabaki wakisubiri hadi tarehe 15 Agosti, Tume ilipotangaza kwamba Ruto amepata kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930, huku makamishna wanne kati ya saba wakijitenga na matokeo hayo. Kwa maoni yetu kuacha kulikuwa kosa kubwa kuliko kutofautiana. Dawa ilikuwa kuandika chini ya kila asilimia: hizi ni kura kutoka maeneo gani, na maeneo gani bado. Mtazamaji angeuona mpaka wa picha aliyopewa.

Neno tunalo

Wataalamu wa mawasiliano huuita mpaka huo fremu, na kwa bahati njema neno hilo tumelizoea: fremu ya picha ukutani, fremu ya mlango, hata fremu ya duka la kupanga. Fremu ya picha haidanganyi juu ya kilichomo ndani yake. Inachofanya ni kukata. Shangazi aliyesimama pembeni siku ya harusi hayumo pichani, na mjukuu atakayeiona picha hiyo baada ya miaka hamsini hatajua kwamba shangazi alikuwapo.

Mwandishi wa Marekani Walter Lippmann aliligusa jambo hili katika kitabu chake Public Opinion cha mwaka 1922: raia hatendi kwa kuufuata ulimwengu ulivyo, bali picha ya ulimwengu aliyonayo kichwani, na picha hiyo kwa sehemu kubwa huletewa. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1972, Maxwell McCombs na Donald Shaw walichapisha utafiti wao mdogo waliofanya kwa wapiga kura 100 wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani. Waligundua kwamba mambo ambayo wapiga kura wale waliyaona kuwa muhimu yalilingana sana na mambo ambayo vyombo vya habari vilikuwa vimeyapa nafasi kubwa. Hilo ni suala la kipi kizungumzwe. Suala la fremu linakwenda hatua moja mbele: kinachozungumzwa kikishachaguliwa, kizungumzwe kwa upande gani?

Robert Entman, mwaka 1993, alieleza kwamba fremu ya habari ya siasa hufanya kazi nne, mara nyingi kwa pamoja na kimyakimya: inasema tatizo ni nini, inasema limesababishwa na nini, inatoa hukumu ya kimaadili, na inapendekeza dawa. Tutairudia kauli hiyo tutakapofika Kenya ya mwaka 2007.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye akili timamu hayumbishwi na namna jambo linavyosemwa, ili mradi jambo lenyewe ni lilelile. Amos Tversky na Daniel Kahneman walilipima hilo mwaka 1981. Waliwaambia washiriki kwamba ugonjwa unakuja na unatarajiwa kuua watu 600, nao wachague kati ya mipango miwili. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba mpango mmoja utaokoa watu 200 kwa hakika, na mwingine ni wa bahati nasibu: theluthi moja ya uwezekano wa kuwaokoa wote, theluthi mbili za kutomwokoa hata mmoja. Asilimia 72 walichagua wa hakika. Kundi la pili liliambiwa mipango ileile, ila kwa maneno ya vifo: mpango wa kwanza watu 400 watakufa. Waliouchagua sasa wakawa asilimia 22 tu. Mia mbili wakiokolewa katika mia sita, mia nne wanakufa. Hesabu ni moja. Kilichobadilika ni neno lililotangulia, na watu wakahama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nao walikuwa watu waliosoma.

Sarufi ya kichwa cha habari

Mifano hii inatoka mbali. Tuje kwenye lugha yetu, kwa kuwa Kiswahili kina mitambo yake ya kutengenezea fremu, na tunafikiri haijachunguzwa inavyostahili.

Asubuhi, kwenye meza ya magazeti ya mjini, wanaosimama na kusoma ni wengi kuliko wanaonunua. Wanachosoma ni vichwa vya habari vya ukurasa wa mbele. Wengine husikia magazeti yakisomwa redioni wakiwa kwenye daladala. Maana yake ni kwamba kwa Watanzania wengi kichwa cha habari ndiyo habari yenyewe, kwa sababu ndani hawafiki. Kichwa hicho kina maneno matano au sita. Kila neno linabeba mzigo wa aya nzima.

Angalia kitenzi. Mtu mmoja akitamka sentensi moja jukwaani, gazeti moja litaandika kwamba "afafanua", jingine "adai", jingine "akiri", na jingine "acharuka" au "atema cheche". Anayefafanua ana ujuzi na sisi tulikuwa hatujaelewa. Anayedai hana ushahidi. Anayekiri alikuwa na hatia aliyoificha. Anayecharuka ameshindwa kujizuia, na tunaalikwa kumtazama kama tamasha. Msomaji wa meza ya magazeti anaondoka na hukumu kabla hajajua kilichosemwa ni kipi. Jaribu siku moja kuhesabu, kwa wiki mbili tu: ni wanasiasa wa upande gani "wanafafanua", na wa upande gani "wanadai"?

Kisha angalia mnyambuliko. Tulipokuwa shule tulijifunza kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kama zoezi la mtihani. Katika habari za siasa, ni suala la nani awajibike. "Ofisa ameiba fedha" ina mtenda. "Fedha zimeibwa" imemficha mtenda, lakini imebakiza nafasi yake: msomaji anaweza kuuliza, zimeibwa na nani? "Fedha zimepotea" imeifuta hata nafasi hiyo, maana fedha sasa zimekuwa kama mbuzi aliyepotea porini kwa miguu yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa "kura ziliharibika", "mkataba ulichelewa", "nyumba zilibomoka". Kiswahili kinaruhusu sentensi nzima, fasaha kabisa, ambayo ndani yake hakuna mtu aliyefanya jambo lolote.

Majina nayo yana uzito wake. Watu mia tano wakiwa barabarani na mabango, ni "maandamano", "fujo" au "vurugu"? Mwishoni mwa mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam na miji mingine, neno lililotawala lilikuwa "kuwapanga" machinga. Kupanga ni neno jema. Mama hupanga vyombo kabatini, mwalimu hupanga wanafunzi mstarini. Ukishalikubali neno, umeshakubali kwamba kabla yake palikuwa na vurugu na kwamba anayepanga ndiye mwenye utaratibu. Utakachojadili baada ya hapo ni kasi tu ya kupanga. Angeandika mwingine "kuwahamisha" au "kuwabomolea", mjadala ungeanzia kwenye riziki ya familia. Hatusemi kwamba njia za waenda kwa miguu hazikuwa zimezibwa. Zilikuwa zimezibwa, na mama mwenye mtoto mgongoni alilazimika kutembea barabarani kati ya magari. Tunachosema ni kwamba hoja mbili halali zilistahili kukutana, na neno moja lilizuia zisikutane.

Lakini kuna maneno manne ambayo sisi, tunaojiandaa kuwa wachungaji wa watu, yanatusumbua kuliko hayo yote: "wananchi wenye hasira kali". Kila Mtanzania anayajua. Kijana ameuawa kwa mawe na kuchomwa moto mtaani, na habari inasema kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Chambua fremu hiyo. Waliouawa kwa namna hii huitwa vibaka, ingawa hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza kesi yao. Waliowaua huitwa wananchi, jina la heshima, jina la wenye nchi. Hasira yao imetajwa kama sababu, na hasira, kila mtu anajua, huja yenyewe. Aliyeokota tofali la kwanza hana jina. Aliyeleta petroli hana jina. Dawa inayopendekezwa, ikipendekezwa, ni vijana waache wizi. Mauaji yamegeuka kuwa somo dhidi ya wizi, na swali la kisiasa lililokuwa chini yake, yaani kwa nini watu wa mtaa huo hawakuwa na imani kwamba polisi na mahakama vitafanya kazi yake, halikuulizwa. Kosa hapa halimo katika ukweli wa tukio. Limo katika nani kapewa jina na nani kanyimwa.

Tusidhani kwamba tunakuza mambo. Jirani zetu wa Rwanda walisikia kupitia redio RTLM, mwaka 1994, Watutsi wakiitwa mende, na kuua kukiitwa kazi. Ilikuwa hapa Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, ambapo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Umbali kati ya kichwa cha habari cha kizembe na RTLM ni mkubwa sana, wala hatuvilinganishi. Ila vyote viwili hutembea kwa mguu mmoja: kumpa mtu jina ambalo linakamilisha hukumu kabla ya kumsikiliza.

Kabila, kura au ardhi?

Turudi Kenya, ila sasa mwaka 2007. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Picha iliyozunguka dunia nzima ilikuwa ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Vyombo vingi vya nje vikaandika neno moja: ukabila. Wengi wakaongeza: Rwanda nyingine.

Tuitumie sasa kauli ya Entman. Fremu ya kabila inasema tatizo ni chuki kati ya makabila. Chanzo chake ni cha kale, pengine hakielezeki. Wa kulaumiwa ni wote na hakuna. Dawa ni mahubiri ya amani na mechi za mpira za upatanisho. Fremu ya kura inasema tatizo ni uchaguzi ulioharibiwa. Chanzo ni tume na wanasiasa. Wa kulaumiwa wana majina. Dawa ni sheria mpya na tume mpya. Fremu ya ardhi inakwenda nyuma zaidi, hadi mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa na namna yalivyogawanywa baada ya uhuru. Dawa yake ni ngumu kuliko zote na haimalizwi katika kipindi kimoja cha Bunge.

Je, fremu ya kabila ilikuwa ya uongo? Hapana. Watu walishambuliwa kwa sababu ya makabila yao, na Kiambaa ilikuwa hivyo. Lakini tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipochunguza, ilibaini kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliokufa walikufa kwa risasi, na polisi ndio waliotajwa katika sehemu kubwa ya vifo hivyo. Mtu aliyekuwa na picha moja tu kichwani, ya mapanga na kanisa linaloungua, hakuwa na mahali pa kumweka kijana wa Kisumu aliyepigwa risasi na askari wa serikali. Na tume ya Jaji Johann Kriegler ikasema kwamba uchaguzi ule ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwamba Kofi Annan na wenzake hawakuongozwa na kichwa cha habari. Waliweka Ajenda ya Nne, iliyotaja ardhi, umaskini, ajira kwa vijana na katiba. Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na haingepatikana kama watu wangeridhika na jibu la "makabila yao yanachukiana".

Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 2013, una funzo lake la aina nyingine. Vyombo vya habari vya Kenya viliingia vikiwa na hofu ya kweli ya kurudia ya 2008. Vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura vilipokwama katika vituo vingi na mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka, maswali yaliulizwa kwa sauti ya chini mno. Wachambuzi wengi, Wakenya wenyewe wakiwamo, walilalamika baadaye kwamba neno amani lilikuwa limegeuzwa kufuli: anayeuliza anahatarisha amani, kwa hiyo asiulize.

Sisi Watanzania tunalijua neno hilo vizuri, na Kanisa linalipenda kwa haki kabisa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 78, unafundisha, ukimfuata nabii Isaya, kwamba amani si kukosekana kwa vita tu, bali ni tunda la haki. Fremu ya amani iliyokatwa sehemu ya haki ni picha ya harusi isiyo na bibi harusi. Padre anayetoa homilia Jumapili ya kabla ya uchaguzi anaunda fremu sawasawa na mhariri, tena mbele ya watu ambao hawawezi kubadilisha stesheni.

Nani anaikata picha?

Hapa tupite haraka, kwa kuwa mengi yanajulikana. Vyombo vya habari vina wenyewe. Uhuru ni gazeti la chama tawala. HabariLeo na Daily News ni ya kampuni ya serikali. Mwananchi ni mali ya Nation Media Group ya Kenya, iliyoanzishwa na Aga Khan. Mwenye mali haihitaji kupiga simu chumba cha habari kila siku. Mhariri anajua lipi litamletea maswali. Kuna matangazo, na mtangazaji mkubwa katika nchi zetu ni serikali na taasisi zake. Kuna bahasha: mwandishi aliyepewa posho na aliyemwalika atapata tabu kuandika kwamba aliyemwalika hakusema kitu cha maana. Zaidi ya hayo yote kuna muda. Habari ya tukio huandikwa kwa saa mbili. Habari ya ardhi ya Bonde la Ufa inahitaji miezi mitatu, nyaraka na nauli.

Vyombo vya Kanisa navyo vina fremu. Gazeti la kikatoliki litaandika kwa kirefu uzinduzi wa parokia na kwa ufupi mgogoro wa kiwanja cha parokia hiyohiyo.

Sasa kuna pingamizi ambalo mwanafunzi yeyote wa falsafa atalileta, nalo ni zito. Kama kila habari ina fremu, basi hakuna ukweli; kuna madirisha tu, na kila mtu achague lake. Wenzetu wa mwaka wa kwanza hukimbilia pango la Plato hapa. Tunadhani mfano huo haufai sana, kwa kuwa wafungwa wa pangoni waliona vivuli tu, lakini msomaji wa gazeti hupewa vipande halisi vya kitu halisi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni ulinganifu wa akili na kitu. Kitu kipo kwanza. Fomu 34A zilikuwapo, kila moja na namba zake, kabla televisheni yoyote haijagusa hata moja, na Mahakama ya Juu ya Kenya, katika hukumu yake ya tarehe 5 Septemba 2022, iliona kwamba fomu zilizokuwa kwenye tovuti hazikutofautiana kwa kiasi cha maana na fomu halisi za karatasi. Televisheni zingeendelea kujumlisha hadi fomu ya mwisho, zingekutana. Fremu mbili za kitu kimoja zikipanuliwa kwa uaminifu huelekea kukutana. Mbili za uongo hazina sababu ya kukutana popote. Kwa hiyo fremu haifuti ukweli. Inaufanya uwe wa vipande, na vipande vinadai kuunganishwa.

Ndiyo maana hati ya Mtaguso kuhusu vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ilipotaja haki ya binadamu ya kupata habari haikuridhika kudai habari iwe ya kweli. Ilidai pia iwe kamili, kadiri haki na mapendo vinavyoruhusu. Kwa muda mrefu tulilisoma neno hilo la pili kama pambo la lugha. Tukiyatazama ya Nairobi na Kiambaa tunaona lina kazi kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mhariri mwerevu anaweza kuitimiza amri ya nane neno kwa neno, asiseme uongo hata mmoja, na bado msomaji wake akaondoka na picha isiyofanana na nchi anayoishi.

Katika Jumuiya Ndogondogo ambako mafrateri hutumwa wakati wa likizo, picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti hutumwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hata ya Rozari kuisha. Njia ambayo tumeiona ikifaa ni kuomba mtu mmoja alete gazeti zima, si picha ya ukurasa, na kumwomba mwingine alete la mmiliki tofauti la siku hiyohiyo. Kisha kichwa cha habari kisomwe upya kwa kurudisha mtenda: si fedha zilizopotea, bali nani alizishika mara ya mwisho; si watu waliokufa katika vurugu, bali nani aliwaua na kwa silaha gani. Mara nyingi jibu limo ndani ya habari yenyewe, ukurasa wa nne, aya ya tisa au ya kumi, ambako mwandishi aliliandika na mhariri hakuona haja ya kulipandisha juu.